Sheria ya pensheni imebadilika, sasa hela yangu iko mikononi mwa nani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo mabadiliko ya sheria za mifuko ya pensheni, tukasema nchi nyingi zinapitia upya nani akae kwenye bodi ya wadhamini, nani aikague, na mwanachama aambiwe nini kuhusu hela yake. Nilidhani itawagusa wachache tu wanaokaribia kustaafu. Barua zilizoingia ni nyingi kuliko mada yoyote ya mwaka huu, na nusu yake zimetoka kwa watu ambao hata miaka 40 hawajafika. Nimechagua saba, nyingine nimezipunguza kidogo urefu ila maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Nimefanya kazi kampuni moja miaka 19 na tuna mfuko wetu wa pensheni wa hapo hapo kazini, sasa kampuni inayumba, mishahara inachelewa, juzi kwenye kikao meneja mmoja akasema kampuni ikifa na mfuko umekufa kwa sababu hela zote ni za kampuni, watu wakanyamaza kimya na mimi nikanyamaza ila tangu siku hiyo silali. Hivi ni kweli? *Fundi mitambo*

JIBU: Pole sana kaka. Alichosema meneja wako sio kweli, ila ni sio kweli yenye sharti: kama mfuko wenu umeundwa inavyotakiwa. Hela ikishakatwa kwenye mshahara wako na ikaingia kwenye mfuko, inakuwa mali ya dhamana, yani inashikwa na wadhamini kwa ajili yenu nyie wanachama, haimo tena kwenye mali za kampuni. Wadai wa kampuni wakija kukamata magari na mashine na majengo, mfuko hawaugusi. Hiyo ndo sababu kubwa ya kuwa na wadhamini toka mwanzo.

Sasa kwanini nimesema kuna sharti. Uingereza walikuwa na dhamana hizo hizo miaka mingi na bado ikatokea ya Robert Maxwell, yule mwenye magazeti ya Mirror. Alifariki baharini karibu na visiwa vya Canary Novemba 1991, vitabu vikafunguliwa ikakutwa zaidi ya pauni milioni 400 zimechotwa kwenye mifuko ya pensheni ya kampuni zake kwenda kuziokoa biashara zake zilizokuwa zinazama. Wizi ule haukuhitaji mtu avunje kufuli. Maxwell ndo alikuwa bosi wa kampuni, ndo alikuwa na nguvu kwenye meza ya wadhamini, na kampuni iliyokuwa inasimamia uwekezaji wa mifuko hiyo nayo ilikuwa chini yake, kwahiyo hela ilitoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto na hakukuwa na mtu katikati wa kusema hapana. Wazee waliofanya kazi maisha yao yote wakajikuta wanaandamana kudai walichokwisha kukatwa.

Baada ya hapo ikaundwa kamati chini ya Profesa Roy Goode, ikatoa ripoti 1993, na 1995 ikapitishwa sheria mpya kabisa. Wakaweka mdhibiti wa mifuko, yani chombo cha kuisimamia mifuko yote, wakasema angalau theluthi moja ya wadhamini wapendekezwe na wanachama wenyewe, wakambana mwajiri kwamba mfuko usiwekeze kwake zaidi ya asilimia 5 ya mali za mfuko huo, na mkaguzi wa hesabu na aktuari, yule mtaalamu anayepiga mahesabu ya uhai wa mfuko, wakapewa wajibu wa kutoa taarifa kwa mdhibiti wakiona mambo hayaendi sawa. Ukiangalia kila kifungu hapo unaona kinamjibu Maxwell moja kwa moja. Sheria za pensheni nyingi duniani ndivyo zilivyozaliwa, kila kifungu nyuma yake kuna watu walioumia kwanza.

Kuna hatari ya pili kaka, na hii haihitaji mwizi. Mfuko unaweza kuwa umetengwa vizuri kabisa na bado hela iliyomo haitoshi kulipa kilichoahidiwa. Marekani kiwanda cha magari cha Studebaker pale South Bend, Indiana, kilifungwa Desemba 1963. Waliokwisha kustaafu na waliofika miaka 60 wakalipwa chao chote, lakini zaidi ya wafanyakazi 4,000 waliokuwa na miaka 40 mpaka 59 wakaambulia kama asilimia 15 tu ya haki yao, na walio chini ya hapo hawakupata hata senti. Hakuna aliyeiba, mfuko haukuwa umejazwa tu. Ikachukua miaka 11 mpaka Rais Gerald Ford akasaini sheria inayoitwa ERISA, tarehe 2 Septemba 1974, ikalazimisha mifuko ijazwe kwa kiwango, ikaweka muda ambao mfanyakazi akiufikisha haki yake hainyang'anyiki, na ikaunda shirika la bima ya pensheni linaloingia pale mfuko unapoanguka. Uingereza nao wakaunda mfuko wao wa kinga, ukaanza Aprili 2005. Nchi nyingi hazina kinga ya namna hii na hilo ni jambo la kuliulizia mapema, sio siku kampuni imeshafungwa.

Kwahiyo wewe na wenzako fanyeni hivi, wiki hii hii. Andikeni barua kwa wadhamini, sio kwa meneja, muombe hati ya dhamana pamoja na kanuni za mfuko, hesabu za mwisho zilizokaguliwa, na tathmini ya mwisho ya aktuari. Mkishazipata angalieni hela zimeshikwa na nani, kama kuna benki au taasisi nyingine huru inayozitunza mbali na kampuni, kama mfuko umeikopesha kampuni au umenunua hisa zake, na kama mali zinatosha madeni. Wakikataa kuwapa au wakazungusha, nakala ya barua yenu iende kwa mdhibiti. Mdhibiti akiingia kampuni ikiwa bado imesimama anaweza kuidai ilipe pengo, akiingia imeshalala anakuwa anagombania mabaki na wadai wengine.

SWALI: Nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Nilishapiga hesabu zangu za mkupuo, nikapanga nyumba nimalizie, mdogo wa mwisho asome. Sasa tunasikia sheria inabadilika na kikokotoo kipya kinakuja, mkupuo unapungua wanasema pensheni ya kila mwezi itaongezeka, mimi ya kila mwezi kwa umri huu nitaila mpaka lini? Inaruhusiwaje kubadilisha mchezo mtu yuko dakika ya 87? *Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na hasira yako naielewa.

Kwenye kila mabadiliko ya kikokotoo, yani kanuni ya kupigia hesabu mafao, kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, na wanaotunga mabadiliko wakati mwingine wanafurahi vikichanganywa. Kuna ulichokwisha kukichuma kwa miaka uliyofanya kazi mpaka leo, na kuna utakachokichuma kuanzia kesho. Cha kesho kinabadilika kirahisi karibu kila mahali. Cha jana ndo kina ulinzi. Kwa mifuko ya waajiri Uingereza, kifungu cha 67 cha ile sheria ya 1995 kinazuia kupunguza haki ambayo mwanachama ameshaichuma bila ridhaa yake au bila uthibitisho wa aktuari kwamba thamani yake haijashuka. Marekani ERISA inakataza kukata mafao yaliyokwisha kuchumwa. Hii ni misingi mizuri na mimi naamini kila sheria ya pensheni inapaswa kuwa nayo, imeandikwa wazi, sio kuachwa kwenye kanuni za waziri.

Tatizo linakuja kwenye mifuko ya umma ambayo kikokotoo chake kimewekwa na sheria au kanuni, kwa sababu aliyeahidi na mwenye uwezo wa kubadilisha ahadi ni huyo huyo mmoja. Mfano tunaoujua wengi ni Tanzania. 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, kisha kanuni zikaja na mkupuo, yani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 25, wakati kuna wanachama waliokuwa wamezoea asilimia 50. Malalamiko yakawa makubwa mpaka Desemba ile ile Rais Magufuli akasimamisha, akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee mpaka 2023. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33 kwa wote, halafu kwenye bajeti ya 2024 wale waliotoka kwenye 50 wakapandishwa mpaka 40 na wale waliotoka kwenye 25 wakafika 35. Nisikilize vizuri hapo mwalimu: ndani ya miaka sita mtu aliyekuwa anakaribia kustaafu alibadilishiwa hesabu mara kadhaa. Hata kama kila badiliko lilikuwa na sababu ya kuulinda uhai wa mfuko, na mifuko kweli huwa inaelemewa, mtu wa miaka 57 hana muda wa kupanga maisha upya kila mara.

Ndo maana kwenye sheria yoyote mpya mimi huwa naruka kurasa zote za mwanzo naenda kutafuta vifungu vya mpito. Humo ndo utakuta kama waliobakiza miaka mitano wanabaki na utaratibu wa zamani, au kama miaka iliyopita inahesabiwa kwa kikokotoo cha zamani na inayokuja kwa kipya. Waholanzi wamebadilisha mfumo wao wote wa pensheni za kazini, sheria yao ikaanza kufanya kazi Julai 2023, lakini wakaipa mifuko mpaka Januari 2028 kuhamia, na kwa walio katikati ya umri ambao wangeumia zaidi sheria inataka mpango wa fidia wa kutosha. Unaweza usikubaliane na mabadiliko yao ila muda walitoa.

Kuhusu hoja yako ya mkupuo na ya mwezi nakuomba usiitupe ya mwezi haraka hivyo. Ukiishi miaka 20 baada ya kustaafu, na wengi wanaishi, ya mwezi inaweza kuwa kubwa kuliko mkupuo wowote, hasa kama sheria inataka iongezwe kufuatana na mfumuko wa bei. Uliza kama inataka. Pensheni ya mwezi isiyopandishwa inaliwa na bei za vitu taratibu mpaka inabaki jina, na hapo naungana na wewe kabisa kudai mkupuo mkubwa. Uliza pia mwenzi wako anabaki na nini ukitangulia.

Cha kufanya sasa hivi, kabla tarehe ya sheria mpya haijafika, chukua stetimenti ya mfuko yenye mhuri inayoonyesha miezi yote uliyochangia na mshahara uliotumika. Siku wakikuletea hesabu ya kikokotoo kipya utakuwa na kitu cha kulinganishia. Peleka maoni kwa chama chenu cha wafanyakazi mkiwa wengi, na muandike kuhusu vifungu vya mpito, kwa sababu huko ndo watunga sheria huwa wanalegeza. Barua inayosema tu "hatutaki" wanaijua, wameshaipokea mara nyingi.

SWALI: Mfuko wetu umeunganishwa na mwingine mkubwa. Je mimi bado ni mwanachama au nianze upya? *Karani*

JIBU: Huanzi upya. Mifuko ikiunganishwa sheria ya kuunganisha huhamisha mali, madeni na wanachama kwa pamoja, na miaka yako inahamia nayo. Kinachopotea kwenye kuunganisha ni kumbukumbu. Majina yaliyoandikwa kwa herufi tofauti, miezi ambayo haikuingizwa kwenye kompyuta, mtu ana namba mbili za uanachama. Nenda kahakiki miezi yako mwezi kwa mwezi na slipu zako za mshahara mkononi, usingoje miaka ya mwisho.

SWALI: Nimechaguliwa na wafanyakazi wenzangu kuingia bodi ya wadhamini ya mfuko wetu baada ya sheria mpya kusema wanachama lazima wawe na wawakilishi. Nimefurahi ila naogopa maana mimi ni muuguzi sio mtu wa fedha, wenzangu wa bodi ni wahasibu na wanasheria wanaongea vitu sivielewi, alafu wafanyakazi walionichagua wananiambia nikahakikishe mfuko unawekeza kwenye mradi wa nyumba zetu. Nifanyeje mama? *Mdhamini mpya*

JIBU: Hongera sana binti yangu, na hiyo hofu uliyonayo usiiache ikaisha yote, inakufaa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa bodi ya aina hiyo miaka sita na nakwambia mdhamini ninayemuogopa kuliko wote ni yule anayeingia hajui na hana wasiwasi.

Nianze na hilo la nyumba kwa sababu ndo litakalokutesa. Ukishakaa kwenye kile kiti wewe sio mwakilishi wa waliokuchagua kwa maana ya mbunge. Wamekuchagua wao, lakini wajibu wako ni kwa wanachama wote: waliopo kazini, waliostaafu, walioacha kazi na bado wana haki zao humo, mpaka wajane na watoto. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya 1984 kuhusu mfuko wa wachimba makaa ya mawe. Wadhamini walikuwa kumi, watano wa upande wa chama cha wafanyakazi wakiongozwa na Arthur Scargill, wakagoma kupitisha mpango wa uwekezaji mpaka mfuko uache kuwekeza nje ya nchi na kwenye mafuta na nishati zingine zinazoshindana na makaa ya mawe. Unaona mantiki yao, walikuwa wanatetea ajira za wachimbaji. Jaji Megarry akasema hapana, mdhamini anatakiwa aweke mbele faida ya wanachama kama wapokeaji wa pensheni, na imani yake binafsi hata iwe ya dhati kiasi gani haiwezi kukaa mbele ya hiyo. Wachimbaji wastaafu na wajane wao hawakuwa na faida ya moja kwa moja kwenye kulinda ajira za migodi.

Kwahiyo mradi wa nyumba ukiletwa mezani unauuliza kama ungeuliza mradi wowote: unaleta faida gani, hatari yake nini, hela itakaa humo miaka mingapi kabla haijarudi, nani amethamini, kuna mtu hapa mezani ana maslahi humo? Mradi ukipita hayo yote, ukapita na viwango ambavyo sheria imeweka vya kiasi gani kiende kwenye majengo, vizuri, pitisha kwa moyo mweupe. Mradi usipopita, utawarudia wenzako uwaeleze kwanini umekataa, na watakasirika, na utakuwa umefanya kazi waliyokuchagulia.

Kuhusu kutokuelewa. Sheria nyingi za siku hizi zinataka mdhamini awe na ujuzi na uelewa, Uingereza wameiandika hivyo kwenye sheria ya 2004, na Umoja wa Ulaya kwenye muongozo wao wa 2016 unataka wanaoendesha mfuko kwa ujumla wao wawe na sifa na uadilifu unaofaa. Maana yake una haki ya kufundishwa, dai mafunzo rasmi kwa gharama ya mfuko. Na kwenye kikao, mtu akiongea kitu hukielewi mwambie arudie kwa lugha ya kawaida mpaka uelewe. Nilikuwa naona aibu mwaka wangu wa kwanza. Mwaka wa pili nikauliza swali moja la kitoto kabisa, kwamba hii ada tunayomlipa meneja wa uwekezaji inakatwa kwenye nini, na ikagundulika hakuna hata mmoja pale mezani aliyekuwa na jibu kamili.

Mengine machache. Makabrasha wakuletee mapema sio siku ya kikao. Kama hukubaliani na uamuzi hakikisha muhtasari umeandika kwamba hukukubaliana na kwanini, kwa sababu mdhamini anaweza kuwajibishwa yeye binafsi kwa hasara iliyotokana na uzembe. Ukiwa na maslahi kwenye jambo lolote litangaze na utoke chumbani. Na zawadi za wanaotaka kazi ya mfuko, hata kama ni safari tu ya semina, uliza kwanza sera ya bodi inasemaje.

SWALI: Kazini kwetu slipu ya mshahara kila mwezi inaonyesha makato ya pensheni lakini nilipoangalia kwenye mfuko nikakuta miezi 14 haijapelekwa. Nikiuliza naambiwa subiri kampuni ikae sawa. *Dereva*

JIBU: Usisubiri. Hiyo hela sio mchango wa kampuni tu unaochelewa, sehemu yake ni mshahara wako ambao umeshakatwa, na mwajiri anayekata na hapeleki anatumia hela ya mtu mwingine kuendeshea biashara yake. Sheria nyingi zinaweka tarehe ya mwisho ya kupeleka, faini au riba kwa kila mwezi wa kuchelewa, na kwa anayefanya makusudi ni kosa la jinai. Mabadiliko mapya sehemu kadhaa yamekwenda mbali zaidi kwa viongozi wenyewe: Uingereza sheria ya 2021 inampeleka jela mpaka miaka saba mtu anayehatarisha mafao ya wanachama kwa kukusudia. Walifika huko baada ya mambo kama ya maduka ya BHS, yaliyouzwa kwa pauni 1 mwaka 2015 na kuanguka mwaka uliofuata huku mfuko wa pensheni ukiwa na pengo la pauni milioni 571. Mmiliki wa zamani, Philip Green, akakubali kulipa milioni 363 mwaka 2017 baada ya mdhibiti kumbana.

Kusanya slipu zote 14, kama ni za kwenye simu zichapishe, chukua na stetimenti ya mfuko ya miezi hiyo hiyo. Andika malalamiko kwa mfuko wenyewe kwa sababu mfuko ndo unaopaswa kumdai mwajiri, na nakala kwa mdhibiti. Mkiwa watano au kumi mnaoandika pamoja ni vigumu mmoja kuonewa. Fanyeni mapema, madai huwa na ukomo wa muda na kampuni huwa na ukomo wa uhai. Usisaini karatasi yoyote inayosema umekubali kusamehe au kuahirisha michango hata ukiambiwa ni utaratibu wa kawaida tu, kaisome kwanza nyumbani na mtu anayeelewa sheria.

SWALI: Serikali inaweza kuchukua hela za mfuko wa pensheni ikajengea au ikalipia madeni yake? Watu wanabishana sana kazini. *Mhasibu msaidizi*

JIBU: Inaweza, na imeshatokea zaidi ya mara moja. Argentina 2008 iliitaifisha mifuko binafsi yote. Hungary ikafuata kati ya 2010 na 2011 kwa sehemu kubwa ya hela za mifuko yao binafsi. Poland Februari 2014 ilihamisha asilimia 51.5 ya mali za mifuko, nyingi zikiwa hati fungani za serikali, yani karatasi za mkopo ambao serikali imeukopa kwa wawekezaji, kwenda kwenye mfuko wa taifa, na deni la serikali likapungua kwenye vitabu siku hiyo hiyo. Wanachama waliandikiwa haki kwenye mfumo wa umma badala ya mali waliyokuwa nayo, kwahiyo sio kwamba walifutiwa kila kitu, ila walibadilishiwa kitu cha mkononi kwa ahadi.

Lakini sio kila hela ya mfuko inayokwenda kwenye miradi ya serikali ni unyang'anyi. Hati fungani za serikali ni uwekezaji wa kawaida na mara nyingi ndo salama kuliko vingine, na barabara ya kulipia au mtambo wa umeme unaweza kuleta faida nzuri kwa miaka mingi, ambayo ndo mfuko unahitaji. Swali ni nani ameamua. Bodi ikiamua yenyewe baada ya kupima faida na hatari, sawa. Simu ikipigwa kutoka juu ikisema wekezeni hapa, hiyo ni kodi ambayo haikupita bungeni. Kwahiyo unapoangalia sheria mpya ya mfuko wa umma angalia nani anateua wenyeviti na wajumbe wa bodi, nani anaweza kuwaondoa na kwa sababu gani, kama kuna kiwango cha juu cha kuikopesha serikali, na kama serikali isipolipa mkopo mfuko una nguvu ya kwenda mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Kifungu cha kuwaondoa wajumbe ndo cha kusoma kwa makini kuliko vyote. Mjumbe anayeweza kuondolewa asubuhi bila sababu hawezi kusema hapana jioni.

Na mdhibiti naye awe mbali na mfuko anaoudhibiti. Kenya walianzisha mamlaka yao ya kudhibiti mafao ya kustaafu kwa sheria ya 1997, na moja ya mambo ambayo sheria ile iliyakazia ni kutenganisha kazi: mdhamini huyu, meneja wa uwekezaji yule, na mtunza mali mwingine kabisa. Kila mmoja anaona karatasi za mwenzake. Ni gharama kidogo, na ni gharama ninayoiunga mkono bila kusita.

SWALI: Shikamoo. Mi nina miaka 26, nasikia sheria mpya itaruhusu kuchomoa hela ya pensheni kabla ya kustaafu. Nichomoe? *Kijana wa mauzo*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama umekosa kazi au una ugonjwa na huna pengine pa kushika, na sheria inaruhusu, hiyo ni hela yako na nisikulaumu. Kama ni kwa sababu tu imeruhusiwa, iache. Chile wakati wa korona waliruhusu watu wachukue mpaka asilimia 10 mara tatu, 2020 na 2021, na mamilioni wakabaki na akaunti tupu kabisa, wengi wao vijana na wenye mishahara midogo. Waliokuwa na shida walisaidika kweli wakati ule, siwezi kulikana hilo, ila akaunti iliyofika sifuri ukiwa na miaka 26 imepoteza ile faida ambayo ingezaana juu ya faida kwa miaka 34.

Soma pia kifungu kinasema nini kuhusu ukishachomoa: miaka uliyochangia inahesabika bado au inafutwa? Mifuko mingine pensheni ya mwezi inahitaji miaka kadhaa ya kuchangia, kwa hiyo mtu anachukua hela ndogo leo kumbe anarudisha saa nyuma mpaka mwanzo. Uliza hilo kwa maandishi na wakujibu kwa maandishi, kabla hujasaini fomu.